Kilimanjaro Chumbani: Namna ya Kumjengea Mtoto Ukuta wa Kupanda

Mtoto wa miaka mitatu au minne hupanda kila kitu: kabati la vyombo, nondo za dirisha, mgongo wa kochi. Kumkemea kutwa nzima hakusaidii, maana mwili wake unadai kupanda. Kinachosaidia ni kumpa mahali pake, palipojengwa kwa vipimo vyake, na chini pana godoro la kumpokea akianguka.

Mwongozo huu ni wa ukuta mmoja mahususi: bodi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, iliyosimamishwa wima na kuchorwa Mlima Kilimanjaro, kuanzia migomba ya chini hadi barafu ya Kibo, kilele chake kikuu. Unafaa watoto wa miaka 3 hadi 7 hivi, katika nyumba ya tofali za saruji kama zilivyo nyingi za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa.

Kabla ya kununua hata skrubu moja, ukubali jambo hili: picha na vishikio vinapangwa pamoja. Wengi hufunga ukuta kwanza, kisha wanaupaka rangi, na picha inabaki pambo. Mtoto wa umri huu hapandi ili afanye mazoezi. Anapanda kwa sababu juu kuna mbega na anataka kumgusa. Picha ikichorwa kwanza, kila kishikio kinapata sababu ya kuwa pale kilipo.

Hatua ya 1: Kagua ukuta wa nyumba

Chagua ukuta usio na swichi, soketi wala bomba. Waya za umeme kwa kawaida hushuka wima kutoka juu hadi kwenye swichi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya swichi yoyote. Hakikisha hakuna kona ya meza, kitanda cha chuma au dirisha la kioo ndani ya mita 2 kutoka mbele ya ukuta.

Tofali zetu hazilingani ubora. Toboa tundu moja la majaribio. Drili ikiingia bila upinzani na vumbi likamwagika kama mchanga mkavu, tofali hilo ni dhaifu na halitakamata bolti ya kutanuka. Likibanwa sana litapasuka. Usikate tamaa, kwa sababu nyumba ina sehemu mbili za kutegemea: sakafu ya zege na lenta, yaani mkanda wa zege unaolazwa juu ya tofali. Lenta mara nyingi huanzia juu ya milango, kwenye futi 7 hivi. Fremu ikisimama sakafuni na kufungwa kwenye lenta, uzito wote wa mtoto unashuka sakafuni, na bolti za juu zina kazi moja tu, kuizuia isianguke mbele. Tofali za katikati zinasaidia, hazibebi.

Mwaka 1964 Don Robinson, mwalimu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipachika vipande vya mwamba ndani ya ukuta wa korido ili wapandaji wafanye mazoezi wakati wa baridi. Huo ni mmoja wa kuta za kwanza za kupanda zilizojengwa ndani ya jengo. Ukuta wa tofali dhaifu usiuchokoe kwa namna hiyo. Fremu ya mbao ndiyo njia yetu, na ukihama unaifungua na kuondoka nayo. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba mapema, na mwambie matundu yatazibwa na kupakwa rangi.

Hatua ya 2: Godoro kwanza

Godoro linanunuliwa mapema kwa sababu unene wake unabadilisha vipimo vyote vya ukuta. Godoro la inchi 6 linameza sentimita 15 za chini. Kishikio utakachokiweka sentimita 20 kutoka sakafuni kitakuwa sentimita 5 tu juu ya godoro, yaani hakina kazi. Tangu sasa, kila kipimo cha urefu utakachosoma hapa kinaanzia juu ya godoro.

Chukua godoro la futi 5 kwa 6, inchi 6, sponji nzito. Upande wa futi 6 uelekee ukutani: bodi ina upana wa futi 4, kwa hiyo linabaki futi 1 kila upande, na mbele linatoka futi 5. Yale magodoro mepesi yanayobonyea ukikaa hayafai, mtoto akianguka atayapita hadi kwenye vigae. Jaribu dukani kwa kupiga goti moja kwa nguvu. Ukihisi sakafu, liache.

Lishonee foronya ya turubai au reksini yenye zipu, na chini weka mkeka wa mpira ili lisiteleze. Ligusane kabisa na bodi. Mwanya wa kidole kimoja unatosha kunasa unyayo wa mtoto.

Urefu wa kupanda unatokana na anguko. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto vinataka sakafu ya kupunguza kishindo pale ambapo anguko linazidi sentimita 60. Mtoto wa miaka 4 ana urefu wa mita 1 hivi, na akinyoosha mikono anafika karibu mita 1.2. Kishikio cha juu kabisa kikiwa mita 1.8, akikigusa kwa kunyoosha mkono nyayo zake zipo kwenye sentimita 60 hivi. Akijivuta zaidi zitafika mita 1, na hapo godoro letu bado lina uwezo. Usiweke kishikio juu ya mita 1.8 hata kama bodi ina nafasi.

Hatua ya 3: Mbao na bodi

Kwa fremu, nunua mbao za inchi 2x4 za msonobari zilizokauka. Mbao nyingi sokoni huuzwa zikiwa mbichi. Ukizifunga hivyo zitajikunja na kuvuta bodi. Zipange kivulini juu ya vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite, wiki mbili au zaidi, kisha chagua zilizonyooka.

Utashauriwa uchukue zilizotiwa dawa ya mchwa. Zile za kijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuzitumia katika kazi nyingi za makazi, pamoja na vifaa vya michezo ya watoto, mwishoni mwa 2003. Ndani ya chumba kikavu huzihitaji. Kwa vyovyote, zisitumike kutengeneza kitu chochote ambacho mkono wa mtoto utakishika.

Bodi iwe plaiwudi ya milimita 18. Chipbodi na MDF, bodi za mbao iliyosagwa na kubanwa kwa gundi, hazikamati skrubu kwa kazi hii. Usichukue pia ile bodi yenye ngozi ya kahawia inayong'aa, inayouzwa kwa kazi ya kumwagia zege: ni imara, lakini rangi haishiki juu yake, itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Tazama plaiwudi kwa ubavu. Matabaka yawe yamebanana bila matundu meusi katikati. Igonge kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Penye sauti ya uwazi, gundi imeachia.

Hatua ya 4: Chora mlima kabla ya kutoboa

Hapa ndipo pa kutumia muda. Laza bodi sakafuni, piga mstari wa penseli sentimita 15 kutoka chini (hapo ndipo godoro litafikia), kisha pima sentimita 180 kwenda juu. Mstari wa chini ni mita 800 juu ya usawa wa bahari, wa juu ni kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sentimita 1 ya bodi inakuwa takriban mita 28 za mlima, na maeneo matano ya uoto wa Kilimanjaro yanajipanga yenyewe.

Kuanzia 0 hadi sentimita 35 ni mashamba, kwenye mlima hadi mita 1,800. Chora kihamba cha Wachagga: migomba juu, kahawa chini yake, na mfongo, yaani mfereji wa maji, ukikatiza kwa rangi ya bluu.

Kuanzia 35 hadi 71 ni msitu wa mvua, hadi mita 2,800. Hapa anakaa mbega mweusi mwenye mkia mrefu mweupe. Mkia huo uning'inie mpaka chini kidogo ya mpaka wa msitu, ili mtoto aliye kwenye migomba auone na kuufuata.

Kuanzia 71 hadi 113 ni nyika ya baridi, hadi mita 4,000. Chora vichaka vifupi, lobelia, na ile senesio kubwa yenye shina nene na vichwa vya majani kama kabichi.

Kuanzia 113 hadi 148 ni jangwa la mawe, hadi mita 5,000. Rangi ya udongo na kijivu, na kunguru mmoja mwenye shingo nyeupe.

Kuanzia 148 kwenda juu ni barafu ya Kibo. Kilele cha Mawenzi, mita 5,149, kinaangukia karibu sentimita 154. Kiweke pembeni kulia, kwa kuwa ukiutazama mlima kutoka upande wa Moshi, Mawenzi ipo kulia kwa Kibo. Juu ya Uhuru zinabaki kama sentimita 49 za bodi, hizo ni anga.

Sasa weka vituo vya njia ya Marangu. Mandara, mita 2,720, ni sentimita 68. Horombo, mita 3,720, ni sentimita 103. Kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, ni sentimita 138. Gilman's Point, mita 5,685, ni sentimita 173. Vituo hivi viwe vishikio vikubwa kuliko vyote, vya kupumzikia. Mtoto anajifunza kupumzika Horombo kabla ya kuendelea, na bila darasa lolote ataijua njia ya Marangu kabla hajaanza shule.

Kama mkono wako hauna uchoraji, mtafute msanii wa tingatinga. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na umefaa kazi hii kwa namna ya ajabu: wanyama wakubwa, rangi kali, mistari iliyo wazi ambayo mtoto anaisoma akiwa mbali. Kuna kitu kimoja cha kukubaliana naye mapema. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta ya baiskeli, na wengi wanaendelea nayo. Kwa ukuta huu mwombe atumie rangi ya maji. Rangi ya mafuta huteleza, na baadhi ya rangi za mafuta zina risasi. Chagua kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni.

Hatua ya 5: Toboa na pachika nati

Fremu yetu ina nguzo 4 za wima, zimelazwa ubapa, kila moja ikiziba sentimita 10 za mgongo wa bodi. Zitakaa kwenye sentimita 0–10, 37–47, 75–85 na 112–122, na kuna mbao za ulalo juu, chini na katikati. Zichore zote kwa penseli upande wa mbele. Nati zisiangukie hapo, kwa kuwa kofia yake haitapata nafasi nyuma. Vishikio vyako basi vitaishi ndani ya vichochoro vitatu, na kila kichochoro kinatosha vishikio viwili kwa upana.

Tumia nati za meno za M10, zenye kofia bapa na ncha 4 zinazozama kwenye mbao. Wauza vifaa vya makochi huwa nazo, na Gerezani, Kariakoo, ukizunguka hukosi. Toboa tundu linalolingana na shingo ya nati, kwa kawaida milimita 12, lakini jaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Drili isimame wima kabisa, tundu likiinama bolti itakula uzi. Toboa ukitokea mbele na uweke mbao chini ya bodi ili mgongo usichanike. Geuza bodi, gonga nati kwa nyundo mpaka kofia ikae sawa na mbao, na weka tone la gundi ya mbao pembeni, si ndani ya uzi.

Pachika nati zaidi ya vishikio: nati 45 kwa vishikio 22 hadi 25. Nafasi za ziada ndizo zitakazokuwezesha kubadilisha njia mtoto akikua. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4, hatua moja ya mguu isizidi sentimita 20 hadi 25 kwenda juu.

Hatua ya 6: Vishikio vya mbao

Vishikio vya plastiki vya kuagiza vipo na ni vizuri, lakini mabaki ya mninga au mkongo kutoka karakana za seremala, kama zile za Keko, Dar es Salaam, yanatoa vishikio bora na vinavyofanana na picha. Fundi akikukatia vipande vya unene wa sentimita 5 na upana wa 8 hadi 12, sehemu kubwa ya kazi imeisha.

Kishikio cha mtoto si kishikio cha mtu mzima kilichopunguzwa. Vidole vyake ni vifupi na havina nguvu ya kubana, kwa hiyo anahitaji ukingo wa kuning'iniza mkono mzima. Juu ya kila kipande chonga mfereji wa kina cha sentimita 2 hivi, ulioinama kuelekea ukutani. Ingiza vidole vyako: ukihisi mkono unajishikilia bila kubana, kimefaa. Kona zote ziviringwe, piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Maliza kwa kupitisha soksi ya zamani juu yake. Ikinasa mahali, ngozi ya mtoto nayo itanasa.

Matundu yanayoweza kunasa kidole ni yale ya milimita 8 hadi 25, kwa hiyo usitoboe macho wala pete kwenye vishikio. Kanuni hiyohiyo ipo kwa kichwa: uwazi wowote wa sentimita 9 hadi 23 katika fremu au pambo unaweza kupitisha mwili wa mtoto na kunasa kichwa. Uzibe.

Tundu la bolti lichimbwe ngazi, ili kichwa cha bolti kizame na washa yake. Bolti za alenki, zinazokazwa kwa ufunguo wa pembe sita, ndizo nzuri kwa sababu kichwa ni kidogo. Kando ya kila bolti weka skrubu moja ya kuzuia kishikio kisizunguke. Hii isirukwe: kishikio kinachozunguka kinamwangusha mtoto bila onyo.

Kwenye mashamba chonga jani la mgomba, na kwenye msitu mgongo wa mbega. Jangwani acha mawe ya kawaida. Kwenye barafu paka vishikio rangi nyeupe upande wa chini tu. Sehemu inayoshikwa ibaki mbao tupu. Vanishi inateleza jasho likianza, na watoto wa pwani mikono yao ina jasho kila wakati.

Unapopiga msasa vaa barakoa na mtoto asiwepo. Vumbi la mbao ngumu linawasha koo na macho.

Hatua ya 7: Rangi

Ziba matundu ya nati kwa karatasi zilizosokotwa, piga praima nyeupe mbele, nyuma na hasa kwenye kingo, kisha msingi wa kila eneo, kisha picha. Malizia kwa tabaka la kinga la maji lisilong'aa. Acha bodi nje ya chumba cha kulala hadi harufu iishe.

Hatua ya 8: Funga

Funga fremu kwanza. Mwambie fundi wazi: "Fundi, mbao zilale ubapa ukutani, zikanyage sakafu, na juu zikamate lenta." Bolti za kutanuka za milimita 10, moja kwa kila nguzo kwenye lenta, ziingie ndani ya zege sentimita 7 au zaidi baada ya kuvuka mbao. Kwenye tofali ongeza skrubu ndefu na fisha, mbili kwa kila nguzo. Kama kuna skatingi ya vigae, chonga miguu ya nguzo iikalie. Usiache fremu ikielea. Tumia pima maji. Ukuta usimame wima kabisa: ukiinamia mbele unachosha mikono midogo, ukilala nyuma mtoto akiteleza anaburuza uso kwenye vishikio.

Bodi ifungwe kwenye nguzo kwa skrubu za milimita 5 kwa 60, kila baada ya sentimita 20, vichwa vizame. Misumari hapana. Paka rangi juu ya vichwa hivyo, rudishia vishikio, kaza.

Hatua ya 9: Mzigo wa mtu mzima kabla ya mtoto

Mtu mzima aning'inie kwa kila kishikio, kimoja kimoja, na akivute kwa mtikiso. Sikiliza. Mlio wa kukatika ni mbao, mlio wa kukwaruza ni bolti iliyolegea. Simama pembeni utazame upande wa juu wa fremu mwenzako akivuta. Mwanya ukifunguka kati ya mbao na lenta, hata wa unene wa karatasi, bolti haijashika. Itoe, na utafute tundu jipya.

Kutumia

Siku za kwanza mtoto apande hadi Mandara na kushuka. Mfundishe kushuka kabla ya kumsifia kupanda, kwa kuwa wengi wanajua kwenda juu na wakifika wanaganda. Mwongoze mguu kwa sauti, "teremsha mguu wa kushoto, upo mgomba hapo," na kiganja chako kikae karibu na kiuno chake bila kumbeba. Shanga shingoni, kofia yenye kamba na helmeti ya baiskeli vivuliwe, vinaweza kunasa na kumkaba. Kwa sababu hiyohiyo usitundike kamba wala utepe wenye kitanzi kama pambo. Kileleni weka kengele ndogo iliyofungwa imara, na kibao cha mbao kilichoandikwa Uhuru 5,895. Apande mmoja kwa wakati, peku, na godoro liwe tupu.

Kagua bolti zote kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Mbao hunywea kiangazi na kuvimba masika, na bolti iliyokazwa Aprili inaweza kulegea Agosti.

Kama mna mdogo wake anayeanza kutembea, au mtu mzima hayupo chumbani, toa vishikio vyote vilivyo chini ya sentimita 70. Kwa alenki ni kazi ya dakika chache. Viweke kwenye mfuko juu ya kabati, pamoja na alenki yenyewe.